Nani Ana Makosa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ajali za Makutano, Malindi na Viunga Vyake

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine yamekuja ofisini na watu wenye vumbi la ajali bado nguoni, mengine nimeulizwa barazani baada ya Isha. Mimi ni wakala wa bima, si wakili. Ukiwa na majeruhi mkubwa au kifo mkononi, muone wakili kabla hujaweka sahihi popote.

## Mambo ya msingi

1. Magari yakigongana kwenye makutano, nani ana makosa?

Anza na swali moja: nani alipaswa kungoja? Anayetoka barabara ndogo kuingia kubwa hungoja. Anayekata kulia huwangoja wanaomjia kwa mbele wakienda moja kwa moja. Anayeingia raundabauti huwangoja waliomo tayari, nao kwetu humjia kutoka mkono wake wa kulia. Anayechomoka lango la hoteli, kituo cha petroli au uwanja wa nyumba yake hungoja kila mtu.

Ukishampata aliyepaswa kungoja, umepata mwenye fungu kubwa la lawama, lakini hujamaliza. Muulizie na yule mwingine: je, alikuwa mwendo gani? Alikuwa akitazama mbele au simu? Kuwa na haki ya njia si ruhusa ya kufumba macho.

2. Lakini si anayemgonga mwenzake ndiye mwenye makosa?

Hapana. Hilo hukaribia ukweli pale unapogonga gari la mbele yako kwa nyuma (tazama swali la 9). Kwenye makutano, mara nyingi aliyegonga ndiye aliyekuwa na haki ya njia, na aliyegongwa ubavuni ndiye aliyejitia mbele yake.

3. Nimesikia mwenye gari kubwa hulipa siku zote.

Hiyo ni sheria ya umati, haimo katika sheria za Kenya. Watu wakikusanyika humuonea huruma wa pikipiki, na lori huonekana lina pesa. Mahakama hutazama nani alifanya nini. Ni kweli kwamba dereva wa chombo kizito hutarajiwa awe na hadhari zaidi, kwa kuwa madhara yake ni makubwa, lakini uzito wa gari peke yake si kosa.

4. Nani hasa huamua?

Wako watatu, na kila mmoja anaamua jambo lake. Polisi huamua kama kuna wa kushtakiwa, kwa mfano kuendesha bila uangalifu chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki. Kampuni ya bima huamua kama italipa na kiasi gani. Mahakama ya madai ndiyo yenye neno la mwisho juu ya nani amlipe nani, nayo haifungwi na maoni ya askari aliyefika na daftari lake.

5. Je, lazima mmoja abebe lawama zote?

La, na ni bora ulijue hili mapema ili usikasirike bure. Sheria yetu inaruhusu lawama kugawanywa kwa asilimia. Tuseme gari lako limeharibika kwa shilingi 200,000 na la mwenzako kwa 50,000. Ikiamuliwa yeye ana asilimia 70 na wewe 30, atakulipa 140,000, nawe utamlipa 15,000 za kwake. Mkikatana, unabaki na 125,000.

Na pale ambapo ushahidi umefungana kabisa, kila mmoja ana hadithi yake na hakuna cha kuipima, mahakama huweza kugawa nusu kwa nusu. Ndiyo maana nawasisitizia watu habari ya picha (swali la 14).

## Hali zinazorudi kila wiki

6. Nilikuwa kwenye barabara kubwa, tuktuk ikachomoka uchochoroni. Mimi sina kosa, sivyo?

Pengine huna. Pengine unalo kidogo. Tazama gari limegongwa wapi.

Chukua mfano huu. Probox inakuja barabara ya Lamu hapa mjini, tuktuk inatoka kichochoro cha mchanga upande wa kushoto ikitaka kuvuka kwenda ng'ambo. Ikiwa bampa ya Probox imepiga gurudumu la mbele la tuktuk, picha inayojengeka ni ya tuktuk iliyotoa pua ghafla. Dereva wa Probox hakupata nafasi. Ikiwa imepigwa gurudumu la nyuma, huku mbele yake imeshafika ng'ambo, basi tuktuk ilikuwa barabarani kwa muda, na dereva wa Probox ataulizwa: ulikuwa wapi wakati wote huo? Si ushahidi wa mwisho, lakini asesa, yaani mkaguzi wa uharibifu wa gari, huanzia hapo.

Kisha uje mwendo. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hula takriban mita 14 kila sekunde. Kwa 80, hula mita 22. Mtu wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Kwa 50 utakuwa umeshakwenda mita 21, kwa 80 mita 33, na breki hata haijashika. Hiyo tofauti ya mita 12 ndiyo mara nyingi tuktuk nzima pamoja na abiria na ndoo yake ya samaki. Dereva wa barabara kubwa aliyekuwa anakimbia hupewa sehemu yake ya lawama kwa hesabu hii hii.

7. Nilikuwa nakata kulia, wa mbele akanivaa. Nilikuwa nimeshaanza kukata.

"Nimeshaanza" haisaidii. Wa kukata kulia hungoja mpaka njia iwe wazi. Pale Gede, ambapo njia ya Watamu inaachana na barabara kuu ya Mombasa–Malindi, anayetoka Malindi kwenda Watamu hukata kushoto, hana taabu. Anayetoka Mombasa ndiye wa kukata kulia, na matatu ya kutoka Malindi inamjia uso kwa uso. Hata kama matatu inakimbia, yeye ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuupima mwendo ule kabla ya kukata.

Dereva wa matatu naye akithibitishwa kwamba alikuwa amezidi 80, kikomo cha magari ya abiria, au alikuwa anampita mwingine kwenye makutano, atabeba fungu. Na kumpita mwingine kwenye makutano ni jambo ambalo mimi binafsi silionei huruma hata chembe.

8. Alinimulikia taa nipite, nikapita, mwingine akanigonga. Na yule mwenye indiketa ya kushoto ambaye hakukata?

Nimeyaweka pamoja kwa sababu jibu ni moja: ishara ya dereva mwingine si ruhusa. Barabarani kwetu kumulika taa huweza kuwa "pita", huweza kuwa "usithubutu", na huweza kuwa "kuna polisi mbele". Aliyekumulikia alikusamehe njia yake yeye. Hawezi kukupa njia ya pikipiki inayomjia ubavuni.

Indiketa nayo, subiri uone gari linapunguza mwendo na tairi linageuka. Aliyeisahau ikiwaka ana sehemu ya kosa, kwa kuwa alikudanganya bila kujua. Lakini sehemu kubwa hubaki kwa aliyetoka barabara ndogo.

9. Nilikuwa nimesimama kwenye makutano, wa nyuma akanigonga.

Kosa ni lake, karibu kila mara. Alipaswa kuacha nafasi. Hali hubadilika ukiwa umerudi ribasi, au taa zako za breki hazifanyi kazi na ulikuwa usiku.

10. Makutano hayana alama, hayana taa, hayana chochote. Nani mkubwa?

Tazama barabara zenyewe. Ya lami yenye magari mengi dhidi ya kichochoro cha mchanga: yeyote anajua nani angoje. Zikiwa sawa, kama zile njia za ndani za mitaani, wote wawili wanatarajiwa wafike pole pole na tayari kusimama. Huulizwa nani alitangulia kuingia, nani alikuwa anakimbia, nani alikuwa na nafasi ya kuona. Alama iliyoanguka au kufunikwa na majani haikuondolei wajibu wa kutazama, hasa wewe mkazi unayepita hapo kila siku.

## Bodaboda, abiria na punda

11. Wa bodaboda hana leseni na amebeba watu wawili. Kosa si lake moja kwa moja?

Si moja kwa moja. Kukosa leseni ni kosa la trafiki na atashtakiwa kwalo, lakini swali la ajali ni nani aliisababisha. Ukimgonga wa bodaboda aliyesimama kando, kukosa kwake leseni hakukukanyagia wewe mafuta.

Abiria wa pili ni habari nyingine. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na inadai helmeti na koti la kung'aa kwa dereva na abiria. Ule mtindo ambao majirani zetu wa Tanzania huuita mshikaki huivuruga pikipiki: haigeuki vizuri, haisimami vizuri. Ikionekana mzigo huo ulichangia, asilimia ya mwenye pikipiki hupanda.

12. Mimi ni abiria tu. Nimdai nani?

Wote wawili. Abiria aliyeketi kitini hana lawama ya mgongano, kwa hiyo huhitaji kungoja madereva wamalize ubishi wao. Kinachoweza kupunguziwa ni fidia yako, ikiwa hukufunga mkanda au hukuvaa helmeti na jeraha ni lile ambalo mkanda au helmeti ingelizuia.

13. Punda katokea makutanoni usiku. Na kule Lamu inakuwaje?

Mwenye punda hulaumiwa akiwa amemuachia ovyo, lakini kwanza umjue ni nani, na hapo ndipo kesi nyingi hufia. Punda wa mkokoteni mwenye mtu anayemwongoza ni chombo cha barabarani kama wewe: kaa nyuma yake, mpishe.

Amu mjini, yaani Lamu yenyewe, vichochoro havipitishi magari, kwa hiyo mgongano wa makutano huko ni wa mikokoteni, pikipiki na mabega ya watu. Maswali ya magari hutoka bara, Mokowe na Hindi, na sheria ni ile ile iliyoko hapa.

## Dakika za kwanza, na polisi

14. Nimegongana sasa hivi. Nifanye nini?

Simama. Sheria ya Trafiki inakulazimu usimame, utoe jina, anwani na namba ya gari, na uripoti polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Majeruhi kwanza. Ikiwa kuna aliyekufa au kuumia vibaya, magari yasisogezwe kabla ya polisi, isipokuwa kumtoa mtu.

Kisha piga picha kabla ya umati kukanyaga kila kitu. Si picha ya bampa peke yake. Rudi nyuma hatua ishirini, upate makutano yote: magari yamekaaje, alama ya breki inaanzia wapi, vioo vimemwagika wapi. Vioo na udongo ulioanguka kutoka chini ya magari huonyesha pahali hasa palipogonganiwa, na mchanga wetu huu huhifadhi alama za tairi vizuri mpaka upepo wa kusi uupeperushe. Piga na njia aliyotokea mwenzako, ukiwa umesimama alipokuwa yeye, ili ionekane aliweza kuona nini. Chukua namba za simu za mashahidi wawili: muuza madafu aliyeko pale kila siku ana thamani kuliko msafiri anayepanda matatu na kupotea.

15. Nilimwambia "pole sana". Je, nimekubali kosa?

Hapana. Pole ni ya kila mtu: ya mgonjwa, ya mfiwa, ya aliyejikwaa mbele yako. Atakayedai kwamba pole ni kukiri kosa si Mswahili. Lakini "nisamehe, sikukuona" ni maneno mengine kabisa, hasa hilo la "sikukuona", kwa sababu ndilo kosa lenyewe. Mikataba mingi ya bima pia inakukataza kukubali lawama bila idhini ya kampuni. Sema pole, muulize kama ameumia, mengine yaache kituoni.

16. Mwenzangu anasema tumalizane hapa hapa. Nikubali?

Kwa taa iliyovunjika na rangi iliyochubuka, wote wazima, watu hufanya hivyo na mara nyingi huisha salama. Ukifanya, andikeni: tarehe, namba za magari, kiasi, na kwamba hakuna anayemdai mwenzake tena. Pesa ipite kwa M-Pesa ili ibaki na alama yake.

Usikubali hata kidogo ikiwa kuna mtu ameguswa mwilini. Shingo inayosema "niko sawa" saa kumi jioni huweza kukaza saa nne usiku. Mama mmoja alinijia wiki ya pili baada ya kupokea 3,000 kando ya njia. Picha ya eksirei peke yake ilikuwa imezila zote. Na ukikaa bila kuripoti, kampuni yako ya bima inaweza kukukatalia baadaye.

17. Abstrakti ya polisi imeandikwa uchunguzi bado unaendelea. Ina maana gani?

Ina maana polisi hawajaamua wamshtaki nani. Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea, lini, wapi, na magari gani yenye bima gani. Haithibitishi kosa. Ukitaka kujua polisi wameona nini, cha kuulizia ni mchoro wa eneo na maelezo ya mashahidi. Kama umeumia, chukua pia fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari.

## Bima, pesa na mahakama

18. Nina bima ya mtu wa tatu pekee. Nani atanitengenezea gari?

Bima yako haitakutengenezea, kwa kuwa hiyo hulipa wengine uliowadhuru, si wewe. Utamdai mwenye makosa, kwa kadiri ya asilimia yake (swali la 5). Fahamu pia kwamba bima ya lazima kisheria ni ya mwili na maisha ya watu, na kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa dai moja. Uharibifu wa mali huingia kwa mujibu wa mkataba wenyewe, na una kikomo chake. Soma karatasi yako leo, usingoje siku ya ajali.

19. Polisi walimshtaki, akaachiliwa. Nimepoteza?

Bado. Kesi ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana. Kesi ya madai hutazama upande upi una uzito zaidi. Kinyume chake pia kipo: akihukumiwa, hukumu hiyo ni ushahidi mzito dhidi yake, lakini bado anaweza kusema nawe ulichangia.

20. Nina muda gani wa kudai, na lazima wakili?

Miaka 3 tangu siku ya ajali kwenda mahakamani. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia mwenyewe.

## Hali za pembeni

21. Askari wa trafiki ndiye aliyeniita nipite.

Ishara ya askari inashinda alama na taa. Chukua jina au namba yake ya huduma, kwa sababu bila hiyo ni neno lako peke yake. Hata hivyo, akikuita nawe unaona lori halijasimama, usiende.

22. Ambulensi ilipita na king'ora ikanigonga.

Ulipaswa kuipisha. Lakini dereva wa ambulensi naye hutakiwa apunguze kwenye makutano na ahakikishe ameonekana. King'ora hakifuti uzembe, na lawama hapa hugawanywa mara nyingi.

23. Lori lilipaki kwenye kona, sikuweza kuona.

Mwenye lori anaweza kuunganishwa kwenye kesi kwa kuziba njia, ukiwa na picha yenye namba yake. Wewe utaulizwa: kama huoni, kwa nini ulitoka kwa mkupuo? Penye kizuizi, gari hutolewa inchi kwa inchi. Hili hutokea sana zile dakika za mwisho kabla ya adhana ya Magharibi mwezi wa Ramadhani, kila mtu anawahi kufuturu na hakuna anayetaka kuwa wa kungoja.

24. Gari halikuwa langu, au aliyeendesha alikuwa dereva wangu.

Mwenye gari hudaiwa ikiwa dereva alikuwa katika kazi yake au amemtuma. Kijana akilichukua gari bila ruhusa kwenda disko, mwenye gari ana la kujitetea. Kama uliliuza gari lakini hujabadilisha umiliki katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, jiandae kupokea barua ya wakili, kwa sababu jina litakaloonekana ni lako.

25. Aliyenigonga ni mtalii Mwitaliano mwenye pikipiki ya kukodi, na Jumapili anapanda ndege.

Usimfuate mtalii, ifuate pikipiki. Bima iko kwenye chombo, na mwenye kukikodisha yuko hapa hapa. Lakini maelezo ya huyo mgeni yachukuliwe kituoni kabla hajaondoka, pamoja na nakala ya leseni yake na mkataba wa kukodi, kwa sababu ukurasa unaosema nani aliruhusiwa kuendesha ndio wa kwanza ambao kampuni ya bima itauomba. Nenda kituoni leo hii, na uende na mtu anayejua Kiitaliano.